Siku Tulimwita Mgeni

Ati haiwezekani? Hebu rudia hiyo maneno, na useme polepole ndio nikujibu vizuri.

Hivyo ndivyo nilimwambia kinyozi wa hapa senta. Nilikuwa nimekaa kwa kiti yake, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, na yeye ananiambia ati mtu ambaye wazazi wake walitoka Rwanda kuja kuchuma majani chai hawezi kupewa uraia wa Kenya, hata akae hapa mpaka mizizi imtoke. Na tena ati mimi ni nani wa kufuata mambo ya uraia, na shule niliacha njiani. Nilisimama hivyo hivyo nikatoka. Nilipita senta yote na hiyo nusu kichwa, watu wanacheka, na sikujali. Mtu akimdharau huyo mama ninayemfuatia uraia, amenidharau mimi.

Huyo mama si yule aliyenizaa. Ni jirani. Nyumba zetu za kampuni zinagusana ukuta, huko laini ya juu ya wafanyakazi, mahali chai inaishia na msitu unaanzia. Mama yangu akienda shifti kiwandani, huyu ndiye alinilisha. Ndiye alinichapa pia, na nikisema kuchapa, jua ni kuchapa. Hakuzaa, kwa hivyo watoto wote wa laini tulikuwa wake, na kiboko yake haikubagua kabila.

Sasa shika shida yenyewe. Nyumba ya kampuni inaenda na kazi. Ukistaafu unafunga vyombo unatoka, na yeye kustaafu ilikuwa imefika mlangoni. Wamama wa chama chao walikuwa wamenunua shamba pamoja kule Kimulot, kila mmoja na kipande chake. Wenzake wote walikuwa wameandikiwa hati. Yake ilikuwa imesimama, kwa sababu hati inataka kitambulisho, na yeye hana. Serikali ilikuwa haimjui kama Mkenya. Rwanda nayo haimjui kabisa, hata yeye haijui, alizaliwa hapa hapa kwa laini. Zamani aliandikwa kazi na barua ya chifu, ikatosha. Siku hizi hata namba ya simu anayotumia imesajiliwa kwa jina langu. Bila uraia, siku ya kustaafu angetoka na godoro kichwani aende wapi? Niambie, wapi?

Kwa hivyo nilikaa chini nikasoma. Hakuna mtu alinifunza. Nilisoma kwa simu, neno nisilolijua naliuliza, nikirudi nasoma tena, mpaka nikaona kumbe sheria iko na mlango wa watu kama yeye: mtu ambaye wazee wake walikuja zamani sana, na hana nchi ingine popote. Nilimwita jikoni kwake tukajaza ombi. Tulipofika pale pa kuuliza baba yako alitoka wapi, nilisita kidogo. Yeye alikuwa anakoroga ugali, hata hakugeuka.

"Andika Rwanda," akasema. "Alitoka huko kwa miguu na rafiki yake, wakaandikwa kupalilia. Rafiki alirudi, yeye akabaki. Andika ukweli, na usiniharibie karatasi na mikono ya mafuta."

Nikaandika. Tukatuma. Wakatupa namba ya kufuatilia, nikaishika kwa kichwa vile watu wanashika aya ya Biblia.

Watu wanafikiri ukituma ombi umemaliza. Hapo ndio unaanza! Kila asubuhi kabla sijaenda kwa kazi yangu ya kutengeneza simu, nafungua, naangalia. "Linashughulikiwa." Kesho, "Linashughulikiwa." Nilikuwa naenda ofisini Kericho mara kwa mara ndio hiyo karatasi isisahau kwamba iko na wenyewe. Askari wa mlangoni alinizoea akaanza kuniita wakili. "Wakili, umekuja tena? Hauna kwenu?" Namwambia kwetu ni hapa mpaka ombi litoke. Sikuwahi kulala na wasiwasi. Ombi lilikuwa safi, na nilijua litapita.

Halafu siku moja simu ikaniambia kitu kingine: mwombaji afike ofisini, maelezo hayalingani.

Tulienda na yeye, amevaa ile nguo yake ya kanisani na sweta ya bluu. Ofisa alikuwa mama wa makamo, ana sauti ya upole, na hiyo upole ilinitisha kuliko kelele.

"Mama," akasema, "kwa ombi lako umesema baba yako alitoka Rwanda."

"Ndiyo."

"Sasa, watu wetu walikuja huko laini yenu kuthibitisha. Jirani wa kwanza anasema wewe ni Mkipsigis kamili, hata ukoo wako akautaja. Wa pili anasema wewe ni Mkisii, na mlikuja na yeye kutoka Kisii mkiwa wasichana. Wa tatu," akatazama karatasi tena, "wa tatu anasema wewe ni dada yake. Na yeye ni Mjaluo."

Nikageuka nimwangalie mama. Mabega yanatingika. Nikajua analia, nikaanza kupanda hasira. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akatoa leso.

"Wamenipenda mpaka wamenimaliza," akasema.

Mimi sikucheka. Ofisa alieleza wazi kwamba hiyo haikuwa utani: mtu mmoja na makabila tatu, na hakuna hata moja inafanana na ombi lake. Likikaa hivyo, linakataliwa. Watarudi mara moja tu kuuliza watu tena.

Nilirudi laini nikiwa moto. Jumapili, watu wakitoka kanisani, nilisimama pale bombani nikawaambia yote, na sikuchagua maneno.

"Mmekunywa nini nyinyi? Mtu ameandika ukweli kwa mkono wangu, nyinyi mnaenda kumzalia wazazi wapya! Mnasema ni wetu, ni wetu, na hiyo wetu ndio inamfukuza!"

"Punguza sauti, wewe mtoto," akasema yule mama Mkisii. "Mimi nilikuwa namsaidia."

"Saidia gani hiyo?"

Mzee mmoja, zamani alikuwa nyapara wetu, ndiye aliyemtajia ukoo, na kwa Wakipsigis ukitaja ukoo umemaliza maneno. Alikuwa amekaa kwa jiwe anakunja kofia yake. Hakukasirika.

"Kijana," akasema, "wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Hapa mtu akikuja na faili aanze kuuliza huyu alitoka wapi, na yule alitoka wapi, siku za kura zikikaribia, wiki inayofuata kuna nyumba inatoa moshi. Tulikubaliana hapa hapa bombani. Mtu yeyote mgeni akiuliza, jirani yako ni ndugu yako wa tumbo moja. Kabila lake ni lako. Mimi mwenyewe nimeokolewa hivyo, siku moja nikiwa upande ule mwingine, mahali Mkipsigis alikuwa anatafutwa. Nilikuwa Mluhya kwa siku mbili, na sijui hata neno moja la Kiluhya."

Watu wakacheka, lakini kidogo. Utamgombeza nini mtu kama huyo? Sikujua hiyo habari. Hakuna mtu alikuwa amewahi kutuambia sisi vijana.

Mama ndiye alimjibu. Alikuwa ameshika mtungi wake, anangoja maji.

"Mzee, nashukuru," akasema. "Wote nawashukuru. Lakini hawa wa sasa hawatafuti nyumba ya kuchoma. Wanataka kuniandika. Nyinyi semeni vile mnajua. Semeni mimi ni wa nje."

"Siwezi kusema hivyo," akasema yule Mjaluo, na alikuwa mtu mzima, ndevu nyeupe. "Mdomo wangu unakataa."

"Mdomo wako siku zingine haukatai chochote," akamjibu. "Jaribu."

Na unajua tulifanya nini? Tulifanya mazoezi. Sikuwafunza uongo, hiyo wote walikuwa nayo ya kutosha. Niliwafunza kusema ukweli. Nilikuwa najifanya ofisa, nawauliza mmoja mmoja, na walikuwa wanaanguka vibaya. Namuuliza mama Mkisii, huyu jirani yako asili yake ni wapi? Anaanza vizuri, "Baba yake alitoka Rwanda," halafu anaongeza haraka haraka, "lakini mama yake alikuwa Mkisii." Haikuwa hivyo! Nampigia kelele, ananiambia yeye si mtoto wangu, tunaanza tena.

Maofisa walipokuja, walikuwa wawili, na kila mtu alikuwa mlangoni kwake, amenyooka kama gwaride. Mzee nyapara aliulizwa wa kwanza. Alivua kofia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ua, nasikiliza.

"Huyu mama," akasema, "si Mkipsigis. Nilidanganya. Baba yake alikuwa Mnyarwanda, tulipalilia pamoja nikiwa kijana. Nilikuwa kwa mazishi yake, yuko pale chini karibu na mto. Huyu mama ni mgeni." Akarudisha kofia kichwani. "Lakini andika ni mgeni wetu. Andika hivyo, au faili yako urudi nayo."

Ofisa akaandika. Sijui kama aliandika hiyo ya mwisho.

Mama Mkisii alisema yake bila kuongeza mzazi. Yule Mjaluo aliulizwa kama ni dada yake, akasema hapana, na hiyo hapana ilimtoka kama jino. Halafu akaingia ndani akafunga mlango.

Baadaye ilikuwa ni kungoja tu, na sasa tulikuwa tunangoja laini nzima. Nikipita, mtu ananiita kutoka kwa mistari ya chai, "Inasemaje leo?" Namwambia bado inashughulikiwa, lakini inakuja, mimi naijua. Ikakuja. Ilisoma "Limekubaliwa" nikiwa nimefungua simu ya mteja mezani, skrubu zote zikamwagika, na nikakimbia nikaziacha hapo hapo.

Tulienda naye kula kiapo. Kitambulisho kikafuata, na baada ya hiyo hati ya Kimulot ikaandikwa kwa jina lake, yeye mwenyewe. Amejenga nyumba ya mabati, vyumba viwili, na amepanda chai yake mbele. Juzi wale watatu tulienda nao kumsaidia kuweka ua. Mzee nyapara bado anamwomba msamaha kwa kumwita mgeni, na yeye bado anamwambia achimbe shimo awache maneno.

Mimi siku ile bombani nilipiga kelele kwa sababu nilidhani ukweli ni kitu rahisi. Si rahisi. Wale watu walikuwa wamefunzwa na moto kwamba kumpenda jirani ni kumficha, halafu tukawaomba wamtoe nje mbele ya faili, na wakafanya.

Sasa wewe. Mtu mgeni akikuja kwako leo na faili mkononi, akuulize jirani yako ametoka wapi, utamjibu nini?