Ghorofa la Alhaji na Miguu ya Mama Mkwe

Kabla ya ghorofa la Alhaji, kitu kirefu kuliko vyote mjini Bariadi kilikuwa mnara wa msikiti. Cha pili lundo la pamba la chama cha ushirika. Cha tatu mimi, na hapo niwe nimevaa viatu.

Nyumba zetu zilikuwa za chini, za mabati, zimekaa kama kuku wanaotaga. Ukisimama kwenye stuli ungeweza kuona nani kaanika nini hadi mtaa wa tatu. Ndipo biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na malori yao, chama cha ushirika kikabaki kinatazama kama mzee aliyenyang'anywa kigoda, na mitumba ikaingia kwa marobota. Mafundi cherehani wenzangu walilia. Mimi nilianza kupunguza makoti ya mitumba, na nikuambie, Mzungu aliyekuwa na mikono mirefu kuliko wote duniani nguo zake zote ziliishia Bariadi.

Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la Alhaji, muuza vitambaa. Huyo Alhaji ndiye aliyetangaza, siku moja baada ya swala ya Ijumaa, kuwa atabomoa duka na kujenga ghorofa. Maduka chini, vyumba vya kupanga juu, na juu ya vyumba vyumba vingine. Sakafu tatu! Leo ukitaja sakafu tatu vijana wa Mkoa wa Simiyu wanacheka. Lakini wakati ule tulikuwa bado upande wa Shinyanga, na sakafu tatu zilitosha kumgusa malaika kisigino.

Mgahawa wa chai wa ng'ambo ya barabara uligeuka bunge. Seremala aliyetengeneza mbao za kupigia zege, mtu aliyekula kwenye ujenzi ule kila siku, ndiye alikuwa mpinzani mkuu.

"Udongo huu ni wa mbuga," alisema. "Kiangazi unapasuka, masika unavimba. Nyumba ya chini tu inapata nyufa, sembuse hiyo. Itazama taratibu. Miaka mitano tu, tutakuwa tunaingilia dirishani."

Mzee mmoja mfugaji, aliyekuja kutoka Ipililo kila siku ya mnada, alikuwa na swali lake.

"Ng'ombe watalala sakafu ya ngapi?"

"Mzee, hiyo ni ya watu," nikamwambia.

"Mtu asiye na ng'ombe nyumba kubwa hivyo ya nini?"

"Na wa juu akioga," akadakia mama muuza chai, "maji si yatamwagikia wa chini akiwa anakula?"

Hapo nilisimama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, miaka minne nikisukuma cherehani mchana na kemia baada ya magharibi, na mwalimu wetu wa jiografia aliwahi kutuchorea jengo refu ubaoni kwa chaki. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mhandisi wa mgahawa ule. Nilipanga vikombe vitatu kimoja juu ya kingine, nikaeleza mabomba, nondo na uzito, hadi vikombe vikaanguka na mama wa chai akanifukuza. Lakini nilikuwa nimewashinda. Na kwa kuwa nilikuwa nimewashinda, nililazimika kuhamia humo. Ningelitetea vipi ghorofa nikiwa nalala chini? Lilipokwisha, nikapanga vyumba viwili, ghorofa ya kwanza, upande wa magharibi.

Mke wangu alizipanda zile ngazi polepole, mkono tumboni. Ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza tuliipoteza ikiwa na miezi saba, na tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na ukimya ambao hata mimi na mdomo wangu wote sikuweza kuujaza. Daktari alikuwa amesema asibebe ndoo, asisafiri kwenye barabara mbovu, na asiachwe peke yake hata mchana mmoja. Nilimwambia tumwite dada yangu. Au jirani.

"Namtaka mama," alisema. "Safari hii bila mama sitaweza."

Basi. Mama yake alikuwa Mwandoya, akilima pamba na kuangalia ng'ombe, na ilibidi aje akae nasi.

Kwa wasiojua mambo yetu, niseme hivi: kwetu Wasukuma, mume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamkai pamoja, hamtazamani usoni, hamshikani mkono, na mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye mashamba. Kijijini si tabu, maana kaya ni pana: yeye ana nyumba yake kule, wewe yako huku, unakohoa unapopita, naye anageuka. Heshima inahitaji eneo. Na mimi, mhandisi wa vikombe, niliona nimelitatua hilo vizuri sana. Nilimchukulia chumba ghorofa ya pili, juu kabisa ya chumba chetu, chumba chenye upepo na madirisha mawili. Mkubwa akae juu, nikajisemea. Nani angempa mama mkwe wake heshima ya urefu kama huo?

Alishuka kwenye lori la pamba saa nne asubuhi, nyuzi nyeupe kichwani utadhani amezeeka njiani, na kikapu cha michembe mkononi, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa. Mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya nguzo ya baraza, uso kwenye nguzo, jicho moja pembeni.

"Mwangaluka, mayu," nikaiambia nguzo, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka," naye akaiambia barabara. Halafu akatazama juu. Alitazama kwa muda mrefu sana, ng'ombe mzima angeweza kuchunwa.

"Mwanangu analala wapi?"

"Ghorofa ya kwanza, mayu. Dirisha lile la pazia la bluu."

"Na mimi?"

"Juu yake! Chumba bora kuliko vyote."

Mama wa chai alikuwa ameacha kupepea moto ng'ambo. Seremala alisimama na randa mkononi.

"Juu yake," akasema mama mkwe. "Yaani mwanangu amelala na mume wake, na mimi nimetandika kitanda changu juu ya kitanda chao. Nikigeuka, wanasikia. Wakigeuka, nasikia."

Ninaapa, nguzo ile ilipata joto.

"Tunaweza kubadilishana, mayu. Sisi tukae juu, wewe—"

"Ili unikanyage kichwani?"

Akakaa chini kwenye baraza, akakunja miguu. Nilimsikia seremala akinong'ona kuwa hata udongo wa mbuga haukuwa umelifikiria hilo. Juu dirishani mke wangu alikuwa amesogeza pazia la bluu. Hakulia. Alitutazama tu, mimi na nguzo yangu, mama yake na kikapu chake, na mkono ulikuwa tumboni. Nikaona wazi kwamba lori lile lingerudi Mwandoya mchana na mama angekuwa juu yake. Nikabaki nimeikumbatia nguzo.

Mama mkwe ndiye aliyeinuka. Hakwenda kwenye lori. Alilizunguka ghorofa, peke yake, akihesabu hatua kwa sauti kama anayepima shamba. Alipofika nyuma alichukua kijiti, akachora vumbini: hapa ngazi, hapa kisima cha maji, hapa choo, hapa dirisha la bluu. Halafu akagonga kwa kijiti kwenye mlango wa mwisho kabisa, upande wa mashariki.

"Humu mna nini?"

Alhaji alikuwa ametoka dukani kutazama. "Humo ni stoo, mama. Saruji iliyobaki na marobota ya vitambaa. Juu yake hakuna chumba cha mtu, ni nguzo za tangi tu hadi paa."

"Fungua."

"Lakini mama, stoo haina dirisha la maana."

"Kwani nimekuja kutazama?"

Alhaji alicheka hadi kofia ikamtoka. Saruji ilihamishwa kabla ya adhuhuri, na mimi nilikuwa mbebaji namba moja, nikipita upande huu kila mama mkwe alipopita upande ule. Sharti lake lilikuwa moja, alilipeleka kwa sauti kwa Alhaji ili mimi nilisikie: binti yake ashuke, alale naye chini mpaka ajifungue. Mume abaki huko huko mawinguni alikokupenda.

Hivyo ndivyo nilivyoishi karibu miezi miwili, mtu mzima mwenye ndoa, peke yangu kwenye vyumba viwili, nikitazama mji mzima na nisiruhusiwe kutazama uani. Nilikohoa nikishuka, nilikohoa nikipanda, nikakohoa hadi muuza dawa aliyepanga duka la kona akaniletea dawa ya kifua. Chakula changu kiliwekwa ngazi ya tatu, kimefunikwa kwa sahani. Ngazi ya tatu ikawa meza yangu. Kule mgahawani walinipa jina la Mpangaji wa Ngazi, na mzee wa Ipililo alisema sasa ameelewa kazi ya ghorofa, ni la kuwatenga madume. Nilicheka nao. Ila kila jioni nilikaa ngazi ya tatu hadi nisikie kicheko cha mke wangu kikitoka stoo. Nikikisikia, ndipo napanda.

Mwezi wa saba wa mimba ulifika. Ukapita. Ulipopita nilishona koti moja mikono miwili upande mmoja.

Ilikuwa saa nane mchana, jua la kukausha mate. Nilikuwa juu kwenye zege la paa na seremala, ambaye alikuja kila mwezi kupima kaufa kembamba karibu na tangi na kila mwezi aliondoka amevunjika moyo kwa kuwa hakakui. Ndipo sauti ikapanda kutoka uani.

"Wewe uliye juu! Shuka!"

Mama mkwe hakuwahi kuniita. Nilichungulia, nikaona utosi wake, jambo ambalo sikupaswa kuliona, naye akainua uso, jambo ambalo hakupaswa kulifanya. Zile ngazi nilizishuka kwa hatua nne, na seremala ni shahidi, ingawa yeye anasema zilikuwa tano.

Mke wangu alikuwa mlangoni mwa stoo, ameshika fremu, maji ya uzazi yamemwagika. Hakuweza kutembea. Seremala akakimbilia barabarani kusimamisha gari. Tukabaki watatu.

"Tumbebe," akasema mama mkwe.

"Kwa kiti?"

"Kwa mikono. Lete mikono."

Nikaleta. Akanishika vifundo vya mikono, nikamshika vyake, tukafunga kile kiti cha mikono minne ambacho watoto hubebana nacho, mke wangu akakaa, tukainuka. Yeye alitazama ukuta, mimi nilitazama mbinguni. Tukaondoka hivyo, vichwa vimegeuka kila mmoja upande wake, tukaipita kona ya jengo na kwenda moja kwa moja kwenye nguzo yangu ya siku ile.

"Angalieni njia, nyie wawili!" mke wangu akapiga kelele katikati ya uchungu. "Heshima zenu zitaniua!"

Tukatazama mbele. Wote wawili, kwa wakati mmoja. Nakumbuka viganja vyake vilivyo vigumu kama ubao wa mkokoteni.

Pikapu ya wanunuzi wa pamba ilikuwa imesimama, pamba bado imejaa kiasi nyuma. Tukamlaza humo. Hakuna malkia aliyewahi kupelekwa hospitali kwenye godoro kama lile.

Nilikaa kwenye benchi la nje, mama mkwe akakaa ndani. Jua lilikuwa bado halijazama nesi alipotoka na kusema mama mzima, mtoto mzima, wa kike. Mtoto yule alilia hivi kwamba wavuvi wa Nassa kule ziwani waliacha nyavu wakauliza kuna nini Bariadi. Mimi sikulia. Niliingiwa tu na nyuzi za pamba machoni, macho yote mawili, kwa muda wa saa nzima.

Jambo moja lilinikera bado: ile mikono. Nilikuwa nimemshika mama mkwe wangu. Niliambiwa huko nyuma kuwa kosa kama hilo huombewa radhi kwa mbuzi au zaidi, nikaanza kufikiria mbuzi atapandaje ngazi. Siku ya tatu mke wangu alinipa ujumbe kutoka stoo.

"Mama anasema mikono ile siku ile ilikuwa ya mtoto. Haikuwa yenu."

"Wabeja," nikauambia ukuta, kwa Kisukuma, asante yenye uzito kuliko ghorofa.

Wiki chache baadaye nilirudi kutoka sokoni na vifungo, nikazunguka uani. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, hakuna mtu. Mke wangu alikuwa kisimani akifua, anaimba.

"Wako wapi?" nikamuuliza.

Akaonyesha juu kwa kidole chenye povu.

Alikuwa amepanda. Mwanamke aliyekataa ngazi zote za Alhaji alikuwa juu kabisa kwenye zege, mjukuu mgongoni, anatazama upande wa Mwandoya. Mama wa chai aliniambia baadaye kuwa alizipanda kimya kimya nilipokuwa sipo, na alipofika juu alitoa maoni yake juu ya ujenzi wa kisasa kwa sauti iliyosikika hadi mgahawani: "Hapa mtu mmoja angechunga ng'ombe wa wilaya nzima bila kuinuka."

Lakini mimi wakati huo sikujua hayo. Nilisimama chini ya miguu yake, nikiwa na vifungo mkononi, sijui kama nipande au nikimbilie mashambani. Nikafanya ninachokijua. Nikakohoa.

Hakugeuka. Mtoto alicheua, bibi yake akampapasa.

"Pita tu, baba," akasema kutoka juu. "Chakula kiko mezani kwako."

Nikakaa ngazi ya tatu, nikafunua sahani. Michembe na karanga, bado ya moto.