Sekunde Kumi na Moja za Mama

Nina video nyingi za mama wa watu. Zimejaa diski mbili ninazozifungia kabatini hapa Maisaka: mama wa bibi harusi akilia kwenye send-off, mama akimlisha keki mwanawe wa kipaimara, mama akicheza mpaka anataka kuanguka na mashemeji wanamdaka. Hiyo ndiyo kazi yangu, kurekodi sherehe na kuzihariri. Sikusomea popote. Nilijifundisha kwa kutazama na kukosea. Mama yangu mimi sina hata sekunde moja.

Alikuwepo nilipoanza kazi hii, miaka miwili mizima. Nikiinua kamera alijifunika uso kwa kanga na kusema, "Ngoja nikaoge kwanza, nimekaa kama mgonjwa." Nami nilikubali haraka, kwa sababu mwanga wa jikoni kwetu Bagara, kabla hatujahamia huku, ulikuwa mbaya na nilitaka nimrekodi vizuri, siku moja asubuhi, nje, akiwa amevaa. Siku hiyo sikuipanga. Aliugua Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Picha tuliyoibeba msibani ilikuwa ya kitambulisho, imekuzwa mpaka uso umekuwa kama ukungu.

Kulikuwa na mahali pamoja tu alipobaki akitembea. Nilipokuwa darasa la pili walikuja watu kutoka Dar kutengeneza filamu. Walitaka harusi ya kijijini, wakakusanya majirani wa Bagara wawe wageni na wapishi. Mama akapewa kubeba sufuria ya wali. Filamu ilipotoka tulinunua CD, tukaitazama mpaka ikakwaruzika, tukaitupa kama kila mtu alivyotupa CD zake.

Baba ana presha ya macho. Daktari alishamwambia kwamba kilichopotea hakirudi, dawa zinachelewesha tu. Katikati ya mwaka jana alikuwa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Alikuwa haombi kitu. Lakini jioni moja, tukiwa tunapukuchua mahindi barazani, alisema, "Ile harusi ya uongo. Ningeiona mara moja tu kabla macho hayajafunga, ningetulia."

Nilianza kuitafuta kesho yake. Nilijiunga na huduma mbili za filamu za mtandaoni, zile za kulipia kwa mwezi, nikapekua filamu za zamani hadi macho yangu nayo yakauma. Haikuwemo. Huduma ya tatu ilikuwa ya kukodi filamu moja moja. Nikaandika jina, ikaja. Picha ya jalada ilikuwa ileile ya CD yetu. Hapakuwa na kitufe cha kununua, kulikuwa na cha kukodi tu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Baba alikuwa ameondoka jana yake kwenda kliniki ya macho Arusha, na alitarajiwa kurudi Ijumaa jioni.

Masharti niliyasoma. Mimi husoma masharti yote mpaka mwisho, hata ya betri. Yaliandikwa wazi kwamba ukikodi una siku thelathini za kuanza kutazama, ila ukishaanza, unabaki na saa arobaini na nane. Sikudanganywa na mtu.

Lakini kazini kwangu nina desturi moja. Video haitoki mkononi mwangu kabla sijaicheza yote, mwanzo hadi mwisho, kwenye runinga ileile watakayoitumia. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kupeleka video ya send-off ambayo sauti ilikata wakati baba wa binti anatoa baraka, mbele ya ukoo mzima. Tangu hapo siwezi. Nikafikiria baba amekaa, runinga inagoma, macho yale yanachoka kusubiri. Nikahesabu: nikianza sasa hivi saa nne asubuhi, nina mpaka Jumamosi saa nne. Yeye anafika Ijumaa. Inatosha.

Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye amekuja kutoka Dareda kutusaidia nyumbani, aliingia sebuleni na ungo wa maharage akanikuta nimechuchumaa nyuma ya runinga na waya mdomoni.

"Si umesema umeipata?"

"Nimeipata, shangazi. Naijaribu kwanza."

"Unajaribu nini, picha? Wewe siku yako utaingia kwenye jeneza kwanza uone kama linakubana mabega."

"Baba akija isije ikagoma."

"Ikigoma si utaipiga kofi kama tunavyoipiga sisi." Akakaa kwenye kochi na ungo wake.

Nikabonyeza.

Mama alitokea baada ya kama nusu saa. Alitoka upande wa kushoto na sufuria, akapita katikati ya wanawake wawili, akapuliza inzi kwa mdomo kwa sababu mikono ilikuwa imeshika, akainua uso akaangalia moja kwa moja kwenye kamera, akatabasamu kidogo, akatoka. Nilipima. Sekunde kumi na moja. Shangazi aliacha kuchambua maharage. Akasema kwa sauti ndogo, "Huyo ni yeye kabisa," akanyanyuka akaenda jikoni, na hakurudi.

Nilirudisha nyuma mara nyingi. Na niseme ukweli wote: kile kitendo cha kuangalia kamera kilinikera. Jicho langu la kazi lilikiona kama kosa. Nikajiambia, hapa mimi ningekata.

Kisha nilijaribu kuihifadhi. Kurekodi kwa kompyuta kulikataa, kukatoa weusi mtupu, kwa kuwa filamu hizo zimefungwa zisinakiliwe. Nikachukua simu nikarekodi kioo cha runinga. Niliipata. Sekunde zote kumi na moja nilikuwa nazo ndani ya simu. Lakini mistari ilikuwa inatambaa juu ya uso wake, na dirisha letu lilikuwa linang'aa kwenye bega lake, na kivuli cha kichwa changu kilionekana chini. Nikaona aibu, kama vile nimemwonyesha mbele za watu akiwa hajaoga. Nikaifuta. Nikaifuta na kwenye lile kapu la vilivyofutwa, kwa sababu huwa sipendi kuacha takataka. Nilijiambia Ijumaa usiku, pazia likiwa limefungwa, nitarekodi vizuri zaidi.

Ijumaa saa tisa baba alipiga simu. Kliniki wanataka kupima tena Jumatatu, analala kwa binamu yake.

"Ile harusi ipo?" akauliza.

"Ipo, baba. Inakungoja."

Sikuingiwa na hofu bado. Hata Ijumaa hiyo sikurekodi, maana umeme ulikatika tangu jioni. Niliwaza kwamba Jumapili nitakodi tena, basi. Jumamosi saa nne filamu ikafunga, kama walivyosema. Jumapili niliporudi kukodi, jina lilikuwepo lakini kitufe kilikuwa kijivu, na chini yake pameandikwa kwamba haipatikani kwa sasa. Nikawaandikia. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, la adabu sana: muda wa haki za kuionyesha umekwisha, na hawajui kama itarudi.

Nilikwenda stendi kwa jamaa anayejaza watu filamu kwenye flashi.

"Za kibongo za kitambo hizo?" akasema. "Nilikuwa nazo, sista. Nikafuta. Hakuna mtu anaziulizia, zinakula nafasi."

"Zote?"

"Zote. Chukua hii ya Kikorea, imetafsiriwa, utalia mpaka utasahau uliyokuja kuulizia."

Baba aliporudi nilimwambia mtandao unasumbua. Hiyo ilikuwa Jumanne. Wiki iliyofuata nikamwambia mtandao. Mwezi uliofuata pia. Shangazi aliujua ukweli, na alipokuwa ananisikia nikisema hivyo aliondoka mezani. Kila asubuhi nilifungua ukurasa ule kabla sijanawa uso, na kitufe kilikuwa kijivu. Baba naye alikuwa anaanza kuupapasa mlango kabla ya kutoka. Akaacha kuuliza, nadhani ili asinisumbue. Mvua za vuli zilipoanza, alikuwa hatofautishi tena dirisha na ukuta.

Nilimwambia Jumapili moja baada ya ibada, mimi na yeye tu barazani. Nilimwambia yote: kujaribu, saa arobaini na nane, na ile niliyoirekodi na kuifuta. Nilitaka agombe. Alisugua magoti.

"Kwa hiyo uliiona," akasema.

"Niliiona, baba."

"Nieleze basi."

Nikamweleza. Upande wa kushoto, sufuria, wanawake wawili, inzi. Nilipofika kwenye kuangalia kamera nikasema, "Hapo alikosea kidogo, aliangalia kamera."

"Hakuangalia kamera," baba akasema. "Walishawakataza wote, na mama yako alikuwa mtu wa kusikia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya yule mwenye kamera. Nimekushika mkono, wewe unalilia soda. Alitutazama sisi."

Nilikuwa nimetazamwa na mama mara nyingi Alhamisi ile, asubuhi nzima, na nilichowaza ni kukata.

"Rudia," akasema. "Toka anapoingia."

Nikarudia. Akaniuliza kanga ilikuwa ya rangi gani, nikamwambia nyekundu. Akaniuliza kama alikuwa amefunga kitambaa kichwani, nikamwambia ndiyo. Akauliza kama sufuria ilikuwa na mfuniko.

Sikukumbuka. Miezi mitano tu, na nilikuwa sikumbuki. Baba alikuwa ameelekeza uso kule inakotoka sauti yangu, anangoja.

Nikamwambia ilikuwa nao.