Aliyegonga Mara Tatu

Bango la masharti katika machimbo ya bati, upande wa Songambele, lina mistari tisa ya rangi nyekundu, na wageni hulitupia jicho wakapita. Xaveria hakuhitaji kulisoma. Yeye aliwajua watu waliotangulia kufa ndipo kila mstari ukaandikwa. Sharti la kufunga matimba, yale magogo ya kuzuia udongo, kwenye kuta za duara, yaani shimo la kushukia, lililetwa na Celestin, aliyeangukiwa na udongo huku anaimba. La kutowasha moto chini lililetwa na ndugu wawili wa Chonyonyo, waliosinzia kwa moshi wasiamke tena. Wakubwa wa ofisini hudhani sheria hutungwa mezani. Wangemuuliza Xaveria.

Sharti la saba lilikuwa la mumewe, Rwegoshora, na ndilo lililomweka mdomoni mwa duara kila siku ya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka ule wa mvua za El Nino duara liliporomoka na watu ndani. Siku hizo hakuna aliyehesabu. Mtu alishuka kama anavyoingia kwenye migomba yake. Msimamizi alisema chini walikuwapo saba. Wakachimba, wakatoa maiti saba, padri akawaombea, wakazikwa. Kumbe Rwegoshora alikuwa wa nane. Alikuwa amemuaga mkewe kwamba anakwenda Bweranyange kutazama ng'ombe, njiani akabadili mawazo, akaingia bila kumwambia mtu.

Siku ya pili baada ya maziko, wanawake walipita hapo na mikungu ya ndizi kichwani. Ardhi ikagonga chini ya nyayo zao. Mara tatu, kimya, mara tatu tena. Aliyepiga yowe la kwanza, akatupa mkungu na kutimua mbio, alikuwa Xaveria. Wengine wakamfuata. Kabla jua halijazama kijiji kizima kilishaamini kwamba wale saba hawajatulia. Watu wakahamisha njia, wakasali rozari majumbani, na hakuna hata mmoja aliyeshika sururu. Ardhi iligonga siku nne, kisha ikanyamaza.

Rwegoshora alipokosekana Bweranyange, ndipo walipofukua. Walimkuta ameketi pakavu, nyundo mapajani, na ukuta wa mbele yake umebonyea kwa mapigo. Daktari alisema angeweza kuokolewa. Ni heri asingesema.

Baada ya hapo wachimbaji walikaa kikao, wakaazima desturi wanayoijua wote. Hapa Karagwe na Kyerwa watu wanaochanjiana udugu hugawana tunda moja la kahawa, kila mmoja punje yake. Basi kila anayeshuka hupasua tunda mbele ya Xaveria, hutafuna punje moja, nyingine huiacha katika kikapu chake kidogo cha ukindu. Akipanda huichukua yake. Kikapu kikiwa kitupu, chini hakuna mtu. Mkaguzi wa migodi alipoleta daftari la majina alikicheka sana kile kikapu, mpaka siku mvua ilipolowesha daftari, wino wote ukatiririka. Alirudi na rangi nyekundu, akaliongeza sharti la punje, lile la saba, kwenye bango kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa moja ya Novemba mwaka juzi, ukungu ulishuka mapema na manyunyu yakaanza. Jovitus, msimamizi wa sasa, akawaita watu wote wapande, maana mvua ikinyesha hakuna kushuka. Walipanda kumi na wawili, wakachukua punje zao kumi na mbili. Xaveria alipindua kikapu, akakikung'uta. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Ardhi ikagonga.

Mara tatu, kimya, mara tatu tena. Sauti ilitoka upande wa duara la zamani, lile lililofungwa tangu msiba. Wanaume waliacha kufunga kamba. Mmoja akafanya ishara ya msalaba, mwingine akaanza kurudi kinyumenyume.

"Kikapu ni kitupu, mama," Jovitus alisema kwa sauti ya chini.

"Nimekiona."

"Basi hakuna mtu. Hao ni... unawajua. Twende zetu."

Xaveria alitaka kwenda. Mwili wake wote ulitaka kwenda, kama ulivyotaka siku ile ya mikungu, na kwa hilo alijichukia.

"Mwanangu Jovitus, nikwambie kitu ambacho sijakisema hata kitubioni. Mwaka ule, wa kwanza kukimbia nilikuwa mimi. Nilimsikia mume wangu akiniita kwa nyundo, nikamkimbia. Leo mkiondoka, nitafukua peke yangu kwa haya makucha."

Jovitus alimtazama, akatazama bango, akatazama mvua. Kuvunja sharti la mvua kungeweza kumwongezea maiti. Mwishowe akavua koti.

"Watano tu. Kamba kiunoni, matimba kwanza," akasema. "Wengine mshike kamba."

Waliingia kwa duara la zamani wakiufuata mlio. Walipopotea upande wa kulia, uligonga kushoto. Walipokata tamaa mbele ya rundo la udongo, uligonga nyuma yake hasa. Juu, Xaveria alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, sikio chini, akiwaelekeza kwa kupaza sauti. Baada ya karibu saa mbili wakatoa mtu.

Alikuwa Theoneste, kijana aliyekuwa ameoa mwezi uliotangulia. Asubuhi alikuwa amepenya kwa tundu la upande wa pili wa kilima, peke yake, ili asipite mbele ya kikapu. Alijua duara lile limefungwa, na Xaveria angemkatalia. Kifusi kilikuwa kimemfunika hadi kidevuni. Alikuwa hai.

Wakamlaza juu ya turubai. Xaveria akampangusa uso kwa kitenge chake, akilia na kumfokea kwa pamoja.

"Mpumbavu wewe! Ungekufa bila hata kuhesabiwa. Ila umefanya vyema kugonga."

Theoneste alimkodolea macho.

"Sikugonga, mama."

"Uligonga. Tumekusikia sote."

"Mikono yote miwili ilikuwa chini ya kifusi. Hata kidole sikuweza kukisogeza. Nami nilimsikia huyo anayegonga, ng'ambo ya ukuta, karibu kabisa na kichwa changu. Nikadhani ni ninyi mmeshanifikia."

Jovitus aliagiza turubai lishikwe pembe nne, mgonjwa awahishwe zahanati, na wanaume walilinyakua kwa haraka isiyokuwa ya kumwonea huruma mgonjwa peke yake. Walipofika kwenye migomba ya kwanza, ardhi iligonga tena nyuma yao. Mara tatu, polepole, kama mtu aliyechoka. Hapo wakakimbia kwelikweli, Theoneste akirukaruka katikati ya turubai, na Jovitus akipiga kelele, "Mama, njoo! Mama!"

Xaveria alisimama katikati ya ukungu. Aliogopa sana, tusimpambe. Lakini aliujua ule woga. Ulikuwa ule ule uliomwacha mumewe siku nne gizani, na safari hii hakuufuata. Alipiga magoti kwenye tope, akatafuta jiwe la kumjaa kiganja.

"Rwegoshora," akasema, "nimekusikia. Nisamehe nimechelewa."

Akagonga mara tatu, akainamisha sikio, akangoja.