Turubai kwa Bi Sikudhani

Niliona picha ya Bi Sikudhani, mwimbaji wa taarabu ninayempenda tangu utotoni, kwenye status za watu, bila maneno. Nikaenda mbio kwake Mwananyamala, nikakuta turubai na wazee wamekaa kimya. Mie na akili zangu nikajua ndo msiba. Nikawapa mikono, "Poleni sana," huku nalia. Nikawaambia marehemu mama yangu alikuwa hafui nguo bila kuimba nyimbo zake, na kwamba kila mwaka nilipanga kuja kumshukuru.

Mlangoni akatokea Bi Sikudhani mwenyewe, mikono imejaa hina ya harusi ya mjukuu wake.

"Shikamoo," nikanong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ulikuwa unangoja nife?"