Watoto wa Bashiru

Bashiru simsalimii. Akipita mbele ya meza yangu ya karanga hapa sokoni Kashaulili nageuza uso, na ajue hivyo. Zaitun, aliyekuwa mkewe, anauza nguo za watoto meza ya pili. Yeye huniambia, "Shoga, achana naye." Siwezi.

Watoto wawili wa kwanza wa Zaitun walikufa wachanga. Walitapika, wakakauka, basi. Mawifi wakasema amewabemenda, eti katoka nje ya ndoa huku ananyonyesha. Zaitun wa watu, ambaye kutoka sokoni ni kwenda nyumbani tu.

Wa tatu mkunga alisema ni wa kiume, akaitwa Nassib. Naye akaanza kutapika. Safari hii Zaitun hakungoja ruhusa, alipanda basi mpaka hospitali kubwa Mwanza. Wakampima mtoto damu, wakampiga picha ya tumbo, wakakuta ana kizazi. Ni wa kike. Daktari akamweleza kwamba tezi zilizo juu ya figo zimeshindwa kutengeneza homoni ya kushika chumvi mwilini, na badala yake zimemwaga homoni za kiume tangu tumboni, ndiyo maana maumbile yakaonekana vile. Ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao ni wazima. Na hawa wawili ni binamu. Dawa ipo, vidonge vya kila siku, maisha yake yote. Leo anaitwa Amira, anakimbia hapa sokoni.

Bashiru alielezwa kwenye simu. "Mwanangu wa kiume mmemgeuza," akasema, na talaka ikafuata. Kisha akaoa binamu mwingine, Kauthar.

Mwezi uliopita Kauthar alijifungua. Tuliposikia mtoto anatapika, tulikimbia na Zaitun mpaka kwao. Mama mkwe akasimama mlangoni. "Umekuja kummaliza na huyu?" Zaitun akapaza sauti dirishani, "Mdogo wangu, mpeleke hospitali leo hii, ni ugonjwa!" Bashiru akafunga dirisha. Tukarudi. Tungefanya nini, tuvunje nyumba ya watu? Nililia njia nzima kwa hasira.

Juzi wamezika. Jana Kauthar alikuja mezani kwa Zaitun, kajifunika ushungi, maziwa yamelowesha gauni.

"Dada," akauliza, "kwa hiyo si mimi niliyemuua?"