Shangazi alimwambia mtu wa shefu kwamba mimi ni mfanyakazi wa ndani

Admin, nakuomba jina langu ulifiche. Sasa hivi binti yangu ametafuna picha yangu ya pasi. Nimeitoa mdomoni mwake imebaki nusu uso, sikio moja limeshamezwa, na yeye ananichekea vimeno nje kama amefanya kazi nzuri. Nimeshindwa hata kumkaripia. Zilizobaki zinatosha chuoni.

Nina miaka ishirini na mbili, kwetu Kigoma. Baba wa mtoto alioa kwingine kabla hajazaliwa, hayo nimeshayalia yakaisha. Kidato cha nne nilimaliza kwa kusukumwa, ila uuguzi nautaka tangu siku ile nesi alivyonishika mkono nikijifungua. Dada yake baba yangu yuko miaka mingi hapa Kolwezi, nchi jirani, na mume wake mwenye malori. Akasema njoo, usome mwaka mmoja wa Kifaransa, halafu uingie uuguzi. Nikaja na mtoto mgongoni. Hakuna aliyesema nisije naye.

Chuo kinataka sisi tuliotoka nje tukamilishe mambo yetu kabla ya Ijumaa hii, la sivyo jina linakatwa. Muhuri wa uhamiaji kwenye pasi, kipimo cha afya, picha, na karatasi ya makazi kutoka kwa shefu wa mtaa, kama mwenyekiti wa mtaa kwetu. Foleni zote nimesimama na mtoto wangu, Kifaransa chenyewe cha kuokoteza, "bonjour papa" na kutabasamu, basi. Vyote nikapata, ikabaki ya makazi. Hiyo shefu haandiki kwa kusikia. Anatuma mtu wake aje aone unapolala, na mkubwa wa nyumba aseme kwa mdomo wake kwamba wewe ni wake.

Mtu akaja. Mimi niko nyuma naanua nguo za mtoto, nikamsikia anauliza, "Mama, iko munafunzi wa Tanzania apa kwenu?"

Shangazi akajibu, "Munafunzi? Apa hakuna munafunzi, tata. Ule wa kule nyuma iko mutoto wa kazi."

Jamani. Kwetu shangazi ni baba aliyevaa kitenge! Nilitoka na beseni langu, nikasema, "Baba, mwanafunzi ni mimi. Na huyu anayelia ni mwanangu." Yule mtu akatuangalia sisi wote, akakuna kichwa. "Mama ya nyumba anasema hapana. Mi nitaandika nini?" Akaenda zake.

Shangazi hata haya hakuona. "Ningeambia batu nini? Mutoto wa kaka yangu amekuya na mutoto bila bwana? Munafunzi habebake mutoto mu mugongo. Lori ya bwana yangu inapakia wiki hii kwenda Kigoma. Uyu mutoto arudi kwa bibi yake, hapo njo nitasema uko wangu."

Nikamwambia, "Shangazi, bado ananyonya."

"Ataacha."

Hilo "ataacha" ndilo lililonitoa mle ndani. Nilifunga nguo zangu mchana kweupe, nikamuaga, nikapanda pikipiki. Mtoto hapandi lori. Hilo siombi ushauri, na atakayeniandikia nimpeleke kwa bibi nitampita kama sijamwona.

Sasa niko mtaa wa Musonoi, kando ya mashimo ya shaba, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Nimepokelewa na mama mmoja anayeuza ugali na maharage karibu na chuo, ndiye aliyekuwa ananishikia mtoto nikiingia ofisini. Aliposikia mkasa wangu alicheka kwa hasira. "Kuya kwangu! Shefu wa huku mi nitamuambia: kitanda iko, mutoto iko, munafunzi iko. Anataka kuona nini tena, harusi?"

Ila shangazi ameshampigia baba. Baba naye kanipigia, hata salamu hakunipa. "Huko shangazi yako ndiye mimi. Ukiandikwa kwamba unaishi kwa mtu baki, ujue umetangaza kwamba huna ndugu. Mtafute na baba huko huko." Akakata. Nililia, kisha nikaenda kufua nepi, maana zilikuwa zinangoja.

Karatasi nitaichukua. Nikifukuzwa chuo basi nifukuzwe kwa kufeli, si kwa kukosa mtu wa kusema ananijua. Ninachoshindwa ni baba. Nampenda, na hajui neno nililoitwa, anajua tu kwamba nina kiburi. Nishaurini nyie mlio na baba wakali. Nimpigie leo nimwambie dada yake alivyonikana, waje wagombane watu wazima kwa ajili yangu? Au ninyamaze, anione siku nimevaa sare nyeupe?

Ngojeni, naitwa huko nje. "Mama mutoto! Mutu wa shefu amefika! Mukuye bote babili!" Nakuja, mama. Jamani nijibuni upesi, maana nikishatamka mbele ya huyu mtu kwamba hapa ndipo kwangu, baba yangu atahesabu kwamba mimi ndiye niliyemkana.