Bledi sita zilizokatika kwa siku tatu

Saa tatu asubuhi, Zeze anainama juu ya mashine yake ya kukatia mbao, anaipiga bledi kwa ukucha wa kidole gumba, kisha anatega sikio. Haridhiki. Anazungusha skrubu ya kukazia nusu mzunguko, anapiga tena, anakunja uso, anakaza tena.

Bledi ni utepe wa chuma wenye meno, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Hushikwa juu na chini, ukapanda na kushuka kwa kasi huku fundi akizungusha ubao. Ukilegea unayumba na kuharibu umbo. Ukikazwa mno unakatika.

Zeze anawasha mashine na kuanza kukata sikio la tembo. Hajafika hata nusu yake, tap! Bledi inakatika. Hiyo ni ya sita tangu Jumatatu, na leo ni Jumatano.

“Siku hizi tunauziwa makopo!” anafoka.

Majirani walimpa jina hilo la ala ya uzi kwa sababu ya mtindo wake wa kusikiliza bledi. Alifundishwa kazi na shemeji yake miaka ishirini na miwili iliyopita, humu humu katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya nyumba.

“Shemeji aliniambia bledi iliyokaa sawa inaimba,” anasema. “Sijawahi kuipima kwa kitu kingine.”

Anatengeneza wanyama wa mbao wanaopachikana, wa kuchezea watoto wa shule za awali. Ana oda ya masanduku sitini, na amemaliza kumi na manne tu. Zamani bledi moja ilimaliza masanduku mawili. Sasa sanduku moja linakula bledi tatu, na faida yote inaishia hapo.

Jumapili aliifungua mashine yote. Alipuliza vumbi, akatia mafuta kwenye beringi, akaisugua meza kwa msasa laini na kuipaka nta ya mshumaa ili mbao ziteleze. Akaweka gonia kuhakikisha bledi imesimama wima, meno yakitazama chini. Hakuona kosa hata la kusingizia.

Basi mwizi akabaki mmoja, muuza vifaa. Jana Zeze alimfuata dukani na kumwita tapeli mbele ya wateja.

Leo muuza vifaa huyo kaja mwenyewe, pakiti ya bledi kwapani, uso kaukunja.

“Mzee, umenivunjia heshima mbele za watu,” anasema bila hata kuketi. “Haya, ifunge nikiona.”

Zeze anaifunga. Anakaza, anapiga, anatega sikio, anakaza tena.

“Basi! Basi, mzee, utaikata!”

Zeze anaendelea. Muuza vifaa anamdaka mkono. “Husikii inavyolia? Inapiga kelele kama mbu!”

“Inalia wapi? Haijaguna hata kidogo.”

Muuza vifaa anaipiga bledi kwa kidole chake mwenyewe. Mke wa Zeze anatokea mlangoni, mikono ina povu la sabuni.

“Hiyo mpaka jikoni imefika,” anasema taratibu.

Zeze anakaa juu ya rundo la mbao. Kumbe muda wote huo alikuwa akikaza bledi akiitafuta sauti ambayo masikio yake hayaipati tena.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” anasema muuza vifaa, lakini hasira imeshamwisha.

Mchana huo huo Zeze na mke wake wanakwenda zahanati. Daktari anampima na kusema sauti nyembamba zimeshapotea, na anayeshukiwa zaidi ni mashine ya randa, ile kubwa inayonguruma pembeni ya chumba. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, na kipo kifaa cha kusaidia kusikia.

“Miaka yote hii nafunika pua kwa ajili ya vumbi, navaa na miwani,” Zeze anasema njiani, bado haamini. “Masikio nikayaacha uchi. Nani alijua sikio nalo linachakaa?”

Jioni anamwomba radhi muuza vifaa, naye anamwonyesha njia nyingine: bonyeza bledi katikati kwa kidole, isogee unene wa sarafu mbili, si zaidi. Bledi hiyo inamaliza sanduku zima bila kukatika.

Lakini mke wake bado ana neno. Anasimama mbele yake ili amwone midomo.

“Baba watoto, mwezi uliopita nilikuuliza jambo, ukanijibu ‘sawa’.”

Zeze anakiri kwa aibu kwamba kila asichokisikia hukijibu “sawa”.

“Nilikuuliza tuiuze mashine ya bledi, maana inatutia hasara. Mnunuzi anakuja Jumamosi.”

“Mashine? Hii?”

“Hii.”

Maneno yanamtoka Zeze mbio kama mtu anayejitetea mahakamani. Atatundika vizibo vya masikio juu ya swichi, asiweze kuwasha bila kuvigusa. Randa ataihamishia uani. Atamaliza masanduku yaliyobaki, na malipo yake yatanunua kifaa cha kusikia kabla ya kitu kingine chochote.

Mke anamwacha amalize. Halafu anasogea upande wa kushoto, kwenye sikio lenye nafuu, na kuuliza neno kwa neno:

“Tuuze mashine?”

“Hapana,” anajibu Zeze. “Na mara hii swali nimelisikia.”